Daktari Aliniuliza Nilikula Nini

Mimi ni fundi cherehani, si mwandishi, na mdomo wangu hauna breki. Utanivumilia. Ninaandika haya kwa sababu mwaka ule nilipokuwa nimelala nikihesabu misumari ya mabati, nilitamani mtu mmoja tu aje aniambie, "Dada, hata mimi niliumwa hivyo hivyo, nikapona." Hakuja mtu. Walikuja wa kunitazama tu na kutikisa vichwa. Basi wewe ambaye macho yamekuvimba na mwili unauma mpaka ulimi, na kila unakoenda wanakupa jina jipya la ugonjwa, nimekuja mimi.

Naitwa Robhi. Nimeolewa Nyarero, huku Tarime, na kibanda changu cha kushonea kiko penye gulio. Kwetu nilikozaliwa ni upande wa Serengeti, kijiji cha mwisho kabisa. Ukitoka shambani kwa mama yangu ukaelekea jua linakochomoza, hutembei sana kabla hujafika mahali usipotakiwa kufika. Sisi tuliokulia kule tunajua kinacholiwa na tunajua kisichosemwa. Ukikutana na mgeni kwenye sufuria, unakula na unafunga mdomo.

Mwaka huo tulimaliza kuvuna mahindi mapema, nikamwambia mume wangu, Chacha, twende tukamsalimie mama. Mama alikuwa amedhoofu tangu baba afariki. Tulipofika tukamkuta mdogo wangu Marwa, kitinda mimba wetu, mwanaume mzima mwenye ndevu lakini mama bado anampulizia uji. Marwa alikuwa na tabia ya kupotea wiki mbili tatu, halafu anarudi na mzigo. Safari hii alikuwa amerudi na kimoro, ile nyama inayokatwa vipande virefu, inatiwa chumvi na kuanikwa juani mpaka inakuwa ngumu kama mkanda wa suruali.

"Nyama gani hii?" mama akamuuliza.

"Nyumbu, mama."

"Anacheua?"

"Anacheua, mama. Na kwato zimegawanyika. Kula."

Huyo ndiye mama yangu. Sisi nyumbani tunasali Jumamosi, na nguruwe kwetu haliwi, hanuswi, hata jina lake halitajwi mezani. Mambo ya serikali na wanyama wake mama alikuwa na mjadala nayo, lakini Maandiko hakuwa na mjadala nayo. Aliposikia anacheua, akashukuru, akala.

Tukala siku tano. Kimoro kina raha yake, na raha yenyewe ni kukitafuna kikavu. Mama alikuwa anakikwangua kwa kisu na kula vinyuzi huku anapukuchua mahindi. Mimi niliweka kipande shavuni tangu asubuhi, nakinyonya chumvi mpaka mchana. Chacha ana jino bovu, kwa hiyo yeye alikula kile kilichochemshwa na karanga mpaka kikalainika. Kumbuka jino hilo, maana lilituchanganya sisi sote. Siku ya kuondoka Marwa akanifungia kifurushi, nikakificha chini ya unga, tukarudi Nyarero. Wiki nzima nilishona huku natafuna.

Ugonjwa ulianza tumboni. Kuharisha, kichefuchefu, tumbo linanguruma mpaka wateja wanasikia. Chacha akatabasamu peke yake siku mbili, akidhani nimebeba mimba. Maskini.

Halafu ikafika siku ya gulio. Niliamka na macho hayafunguki. Kope zilikuwa zimejaa, uso umejaa, nikijitazama kwenye kioo namwona mtu mwingine ambaye sikumpenda. Lakini siku ya gulio fundi halali. Nikaenda. Mteja wa kwanza akaweka kitambaa mezani, akanitazama, akashusha sauti.

"Amekupiga?"

"Nani?"

"Si huyo Chacha wako."

Nikacheka, nikadhani ni utani. Kufika jioni gulio zima lilikuwa limeshampiga Chacha kwa maneno. Jumamosi mzee wa kanisa akamwita pembeni na kumsomea mistari ya waume kupenda wake zao. Mume wangu hajawahi kuniinulia hata mwiko. Akarudi nyumbani akakaa kwenye kigoda, nami sikujua niombe radhi kwa kosa gani, maana uso ni wangu lakini sikuuvimbisha mimi.

Baada ya uso ikaja misuli. Nikikanyaga pedali ya cherehani, vigimbi vya miguu vinauma kama nimebeba magunia usiku kucha. Mkasi ukawa mzito. Kutafuna ugali kunauma, kumeza kunauma, hata kugeuza macho kutazama upande kunauma. Homa inapanda mchana, jasho linanilowesha. Siku moja nikaona chini ya kucha vimistari vyekundu, vyembamba kama nyuzi. Nikajiuliza, Mungu wangu, sasa nashonwa mimi?

Nikaanza safari za madaktari. Zahanati ya kwanza wakapima malaria, hakuna. Wakasema basi ni taifodi. Nikachomwa sindano siku tano, nikawa nakaa upande mmoja tu. Sikupona. Duka la dawa wakaniambia ni mzio, nikapewa vidonge vya kunilaza. Nikalala, nikaamka nimevimba vile vile. Sehemu nyingine wakasema figo, niache chumvi. Nikaacha chumvi, na kile kimoro chenye chumvi nikaacha pia, si kwa sababu nilikishuku bali kwa sababu taya lilikataa. Nilikuwa na karatasi tatu zenye majina matatu, na mwili ni mmoja. Unajua inavyochanganya? Unafika mahali unataka tu wakwambie jina moja, hata liwe baya.

Mama naye akapiga simu. Sauti yake ilikuwa inakatika.

"Robhi, na mimi macho yamevimba. Na miguu."

"Ni uzee, mama. Pumzika."

Ndivyo nilivyomjibu. Mimi mwenyewe nikiwa na uso kama boga nilimwambia mama yangu ni uzee. Yeye yuko Serengeti, mimi niko Tarime, katikati kuna barabara ya vumbi ya kutwa nzima kwa jinsi nilivyokuwa najisikia. Haikunijia akilini kwamba ugonjwa wetu ni mmoja.

Aliyeyaunganisha magonjwa yetu ni wifi yangu, Wankyo, dada yake Chacha, na akayaunganisha vibaya. Alikuja kuniona akiwa na ndizi, akaketi, akauliza habari za mama. Nikamwambia. Akamgeukia kaka yake kana kwamba mimi ni mto kitandani.

"Chacha, huoni? Mlienda wote, mkalala nyumba moja, mkala chungu kimoja. Wewe mzima. Wao wawili, mama na binti, wamevimba. Hicho ni kitu cha ukoo wao. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Wankyo, acha," Chacha akasema.

"Nimesema uongo?"

Hakumjibu. Nilisubiri amjibu. Alitazama miguu yake, na moyo wangu ukavunjika kabisa siku hiyo, nasema ukweli. Baadaye aliniomba msamaha, akasema na yeye alikuwa amechoka kufikiri. Namwelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kujiuliza ni nani kwetu alilaaniwa.

Mvua za vuli zilipoanza ndipo Chacha akauza mbuzi, akanipeleka hospitali kubwa. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Ukweli wa ugonjwa, ndugu yangu, unauonea kwenye benchi. Watu walikuwa wananitazama halafu wanamtazama Chacha, na yeye anajikunyata. Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge kutoka Mugumu, amevaa hijabu yake vizuri, akafungua mfuko, akatoa khanga na kunifunika kichwa na nusu ya uso. "Jikinge na macho yao, mwanangu," akasema. Kijana wa watu kutoka Genkuru, mguu wake una plasta, akasimama kwa magongo ili nipate nafasi ya ukutani niegemeze kichwa. Sikuwahi kujua majina yao. Khanga ile ninayo mpaka leo, maana aliitwa ndani akatokea mlango mwingine.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, mtaratibu. Alinishika vigimbi vya miguu, nikapiga kelele. Akatazama kucha, akatazama karatasi ya maabara, akairudia tena. Akaniambia kuna chembe kwenye damu yangu zimepanda kupita kiasi, na zinapanda hivyo mara nyingi mtu akiwa na minyoo mibaya.

"Robhi, miezi hii umekula nyama ya nguruwe? Au ngiri? Ambayo haikuiva?"

Niliudhika kabisa. "Daktari! Mimi nasali Jumamosi."

Akatabasamu, akakata kitu kwa kalamu. "Na nyamapori nyingine yoyote?"

Hapo sasa. Chacha alikohoa. Akilini nikamwona Marwa amefungwa pingu, nikamwona mama peke yake kwenye ile nyumba.

"Hapana," nikasema.

"Mimi si askari, Robhi."

"Nimesema hapana, daktari."

Tazama nilivyojichanganya. La nyumbu nilidanganya nikijua. La ngiri nilijibu kwa kiapo, na moyo mweupe. Akanilaza wodini nikisubiri vipimo vingine, akanipa dawa za maumivu.

Siku ya tatu wodini nikasikia sauti ya Marwa nje inaita nesi. Alikuwa amemleta mama. Mama yangu, aliyekuwa anabeba debe la maji kichwani bila kushika, aliingia akiwa amebebwa mgongoni. Uso wake ulikuwa uso wangu. Na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kama ng'ombe aliyepandishwa mlima. Wakamlaza kitanda cha pili kutoka kwangu, wakamwekea oksijeni.

Daktari akasimama katikati ya vitanda viwili. Akanitazama, akamtazama mama, akanitazama tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe na binti yako mlikula nini pamoja?"

Mama akavuta pumzi, akaisukuma ile barakoa pembeni. Nikajua anamfichua Marwa, na nikajua siwezi kumzuia. "Nyama. Ya nyumbu. Kavu."

Daktari hakushtuka wala hakuita mtu. Alinitazama mimi tu, nami nikavuta khanga usoni. Kisha akaniita kando, akaniambia polepole kwamba jambo halijakaa sawa. Nyumbu anakula majani. Mnyoo anaoushuku yeye unakaa ndani ya nyama ya wanyama wanaokula wenzao: simba, fisi, na ngiri pia, maana ngiri akikuta mzoga haukatai. Anayekula nyama hiyo haijaiva, mnyoo unahamia kwenye misuli yake. Akasema moyo wa mama umeguswa na uvimbe. Dawa anazo, lakini za kutuliza uvimbe ni kali, na kwa moyo ule hataki kubahatisha. Kama ni nyumbu kweli, basi yeye anatafuta ugonjwa mwingine, na kutafuta kunachukua siku.

"Siku hizo mama anazo?" nikauliza.

Akasema hajui.

Nesi mzee aliyekuwa anabadilisha shuka akasema bila kugeuka, "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nikatoka nikishika ukuta. Marwa alikuwa amekaa karibu na geti, kwenye kivuli, anachora chini kwa kijiti.

"Marwa, ile nyama ilikuwa ya nini?"

"Nyumbu. Si niliwaambia?"

"Daktari anasema nyumbu hapana."

"Daktari amewahi kuingia porini?"

"Mura, mdogo wangu, nitazame usoni. Huu uso. Ndio alio nao mama yako mle ndani, na hapumui. Ile nyama ilikuwa ya nini?"

Akakivunja kile kijiti. "Nyumbu walichelewa mwaka huu," akasema. "Nilikaa siku kumi na mbili. Mitego ikashika ngiri wawili. Ningerudi mikono mitupu? Mama alikuwa amekonda, Robhi, umemwona. Ningesema ngiri asingegusa."

"Ukamlisha."

"Nikamlisha."

Nilimpiga kofi. Kwa ile mikono isiyoweza hata kushika mkasi nilimpiga kofi, na likaniuma mimi zaidi. Halafu tukalia wote wawili pale getini, na mlinzi akatazama pembeni.

"Twende kwa daktari," nikamwambia.

"Nitafungwa."

"Huenda."

"Na mama akijua, mimi siingii tena kwenye ile nyumba. Afadhali jela."

Lakini alisimama. Hilo nitalisema daima juu ya mdogo wangu: alisimama mwenyewe, akaenda mwenyewe, akavua kofia mlangoni. "Ngiri," akamwambia daktari, kabla hata ya salamu. Daktari akasema tu, "Asante," na kalamu ikaanza kukimbia. Kisha akamuuliza nani mwingine alikula. Marwa akasema aliuzia nyumba sita. "Basi wajue leo," daktari akasema. Na Marwa alikwenda, nyumba kwa nyumba, akijua kwamba yeyote kati yao anaweza kumchongea. Wawili walikuwa wameshavimba. Mmoja alimfukuza kwa panga. Hakuna aliyemchongea.

Kabla ya kwenda alipiga magoti kitandani kwa mama. "Mama, haikuwa nyumbu. Ilikuwa ngiri." Mama akafumba macho. "Nimesikia," akasema, akageukia ukutani. Siku mbili hakuongea na mtu.

Tulianza vidonge siku hiyo hiyo: vile vya minyoo asubuhi na jioni, na vile vidogo vya kutuliza uvimbe. Wiki ya kwanza homa ikashuka. Wiki ya pili nikafungua macho yote mawili, nikaona Chacha amezeeka. Vile vidonge vidogo navyo vina vituko vyake, nikuonye mapema: nilikula kama mchimba kisima, usingizi ukaniacha, na uso uliokuwa umepungua ukajaa tena, duara, safari hii kwa dawa. Wankyo alipokuja akasema nimenawiri. Nikamwambia, "Ni kitu cha ukoo, wifi." Akainamisha kichwa, kisha akaguna na kucheka, tukawa tumeyamaliza kwa namna yetu. Chacha naye alijua sasa kwa nini yeye alikuwa mzima. Jino bovu na sufuria ya karanga. Akaligusa lile jino kwa ulimi, akasema hataling'oa.

Misuli ilichukua muda. Masika ilinikuta bado sikanyagi pedali zaidi ya kola moja. Jirani yangu wa kibanda, muuza ndala, alikuwa anakuja kukanyaga pedali huku mimi naongoza kitambaa, tukagombana kila mshono. Sare za shule zilichelewa, na wazazi walivumilia, isipokuwa wale wachache ambao hawavumilii hata mvua.

Mama alirudi nyumbani na moyo dhaifu. Mlima hapandi, debe habebi. Marwa aliacha pori, sasa yuko kwenye karasha la kusagia mawe karibu na Genkuru, na alikaa miezi bila kukanyaga kwa mama. Mimi nilidhani mama bado ana hasira. Nilipoenda kumwona baada ya mavuno yaliyofuata, tukiwa tunapukuchua mahindi, nikaanza kumwombea Marwa msamaha.

"Mama, hakukusudia ubaya. Hukujua tu, na yeye..."

"Nilijua," akasema.

Nikaacha kupukuchua.

"Siku ya kwanza nilijua. Nyumbu ana mafuta gani yale? Nimepika nyumbu kabla wewe hujazaliwa."

"Na ukala? Wewe?"

"Nilikula."

"Na daktari alipokuuliza, pumzi huna, ukamwambia nyumbu!"

"Ungetaka nimwaibishe mwanangu mbele ya watu?" Alichukua gunzi jingine. "Baba yenu ameondoka. Wewe uko Nyarero. Marwa anakuja akiwa na kitu mkononi tu. Nikimwambia kitu chako najisi, atakuja na nini? Hatakuja. Kwa hiyo nikauliza anacheua, akasema anacheua, nikala."

Mimi nilimficha Marwa kwa daktari. Marwa alimficha mama ngiri. Mama alimficha Marwa kwamba anajua. Kila mtu alikuwa anampenda mwenzake, na tulikaribia kuzikana. Mpaka leo sijui jambo hilo nilichukulieje, nilie au nicheke. Nilichoweza ni kumpigia Marwa simu pale pale, nikampa mama azungumze.

Kwa hiyo, wewe uliyevimba: kama kuna nyama uliitafuna haijaiva, mwambie daktari, na umtajie mnyama kwa jina lake. Na kama hujui jina lake, mwambie hujui. Mimi nilikuwa na uhakika, na uhakika wangu ulikaribia kumuua mama yangu.

Marwa alikuja Jumapili iliyofuata. Alisimama mlangoni, hakuingia, ana kitu kwapani kimefungwa miguu.

"Umeleta nini?" mama akauliza.

"Kuku, mama."

"Sema tena."

"Kuku. Jogoo. Nimemnunua sokoni, mama, yuko hai, huyu hapa, mtazame."

Mama alimtazama jogoo, akamtazama Marwa, machozi yakimtoka.

"Siku nyingine," akasema, "njoo hata mikono mitupu. Ingia."